Mbuzi Bei Gani?

Basi tulilopanda kutoka Mombasa lilichemka kabla ya kuumaliza mlima wa Salama, nasi abiria tukagawanyika: wenye haraka wakadandia matatu, wenye mizigo wakabaki. Mimi nilikuwa na mzigo. Nililala katika hoteli moja ya kando ya barabara ambayo sitaitaja jina, kwanza kwa kuwa mwenyewe alinipa chai ya bure, pili kwa kuwa sikuliona. Jina lilikuwapo, nadhani. Lakini ukuta wa mbele ulikuwa na mabango 17, na mimi niliyahesabu nikiwa nimesimama. Palikuwa na soda, rangi ya nyumba, mbolea, mkutano wa injili wa Agosti iliyopita, wachimba visima, ploti za hamsini kwa mia "dakika kumi tu kutoka Konza", mganga "kutoka Kitui" ambaye nambari yake ya simu ilikuwa ileile ya wachimba visima, na chini kabisa, kwa rangi nyeusi, onyo kwamba atakayekojoa hapo atalipa shilingi 500. Onyo hilo ndilo pekee lililosomeka vizuri, na kwa harufu ya mahali pale, ndilo pekee ambalo halikuwa likitiiwa.

Chumba changu kilitazama uani. Uani palikuwa na mwembe, chini ya mwembe mbuzi dume amefungwa kamba, na juu ya kamba nyingine leso ya mama mwenye hoteli imeanikwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kwenye kaunta palikuwa na kompyuta kuukuu ambayo hakuna aliyejua kuizima, inaonyesha tovuti mpya ya hoteli, na mwanga wake ukiwaka na kuzimika ukutani kama gari la wagonjwa. Kando yake, kabambe ya bawabu, simu yake ndogo ya vitufe, ilikuwa inachajiwa. Na katika upenyo kati ya bango la ploti na bango la mbolea nilikiona kibao cha barabarani kinachoutaja mji huu kwa neno moja: Salama.

Usingizi haukuja, malori hayakuruhusu. Yaliyofuata niliyaandika nyuma ya risiti ya basi.

MBUZI: Binti yangu, usilale. Lizungushe lile embe tena. Embe likizunguka, roho yangu inatulia.

TOVUTI: Silali, mzee. Nina picha 41 za kuzungusha kabla ya alfajiri. Fundi aliniambia nikitulia hata sekunde moja wateja watadhani nimekufa.

KABAMBE: Na wateja wamekuwa wangapi tangu Jumatatu?

TOVUTI: Kihesabu changu kinasema 12,408.

KABAMBE: Kilianzia ngapi?

TOVUTI: Kilianzia 12,400. Fundi alisema kuanzia sifuri ni mkosi.

KIBAO: Nyamazeni kidogo. Kuna lori limesimama upande wa pili. Trela ndefu, inatoka bandarini. Dereva ametoa simu kubwa, utingo anachungulia begani mwake. Nasikia wanaulizana mambo matatu: mbuzi bei gani, mahali pa kuegesha papo, na choo kipo?

TOVUTI: Ndiye huyu! Ameingia kwangu sasa hivi. Wa 12,409. Msinisemeshe, nina mgeni.

LESO: Mkaribishe vizuri, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MBUZI: Methali hiyo ilitungwa bila kumshauri mbuzi.

TOVUTI: Nimemkaribisha. Kwanza nimemfungulia dirisha, nikamwomba akubali vidakuzi.

MBUZI: Vya kula?

TOVUTI: Havina ladha. Kisha nimemfungulia dirisha la pili, nikamwomba anwani ya barua pepe ili tuwe tunamwandikia kila wiki. Kisha nimempigia wimbo. Sasa namwonyesha mwenye hoteli akiwa na mkewe, mwenye hoteli akiwa na mkewe mbele ya gari, na gari peke yake.

KIBAO: Bei ya mbuzi?

TOVUTI: Taratibu, Mzee. Bado yuko kwenye picha ya mheshimiwa diwani akikata utepe wa choo.

KIBAO: Basi angalau amejua choo kipo.

TOVUTI: Hicho ni cha soko. Cha kwetu hakijapigwa picha.

(Mbuzi akacheka kwa namna ambayo mbuzi hucheka, yaani kama mtu anayekohoa kwa faida.)

KIBAO: Mwanangu, mimi nimesimama hapa tangu lami hii ilipokuwa nyembamba. Nikupe hesabu yangu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Kwenye vituo vya biashara kama hiki sheria inasema 50, nayo ni mita 14 kwa sekunde, kwa dereva anayeijua sheria. Toa muda wa kutazama kioo, wa kumkwepa mwenye bodaboda, wa kumkaripia utingo. Mimi hubakiwa na sekunde mbili, nikibahatika tatu. Ndiyo maana nilipewa neno moja. Mtu akilisoma, tayari ameshapita, na ameshajua yuko wapi.

TOVUTI: Wewe unasomwa na watu walio mbioni. Mimi nasomwa na watu walioketi.

KIBAO: Aliyeketi ndiye mwenye haraka zaidi. Kidole chake hakina breki.

KABAMBE: Hilo si la kubuni. Mwaka 2006 mtafiti mmoja wa Kanada, Gitte Lindgaard, na wenzake waliwaonyesha watu kurasa za intaneti kwa muda wa sekunde moja iliyogawanywa mara ishirini. Kufumba na kufumbua ni kurefu kuliko hapo. Hata hivyo watu walikwisha kuamua ukurasa upi unapendeza na upi haupendezi, na walipoonyeshwa tena kwa muda mrefu zaidi, wengi hawakubadili mawazo.

TOVUTI: Wewe umeyajulia wapi? Huna hata intaneti.

KABAMBE: Bawabu ana redio. Usiku ni mrefu.

TOVUTI: Haya, basi msidhani mimi sina nasaba. Bibi yangu alifunguliwa kwa ulimwengu Agosti 1991, kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa mkono wa Tim Berners-Lee.

LESO: Alivaaje?

TOVUTI: (kwa sauti ya chini) Maandishi meusi juu ya weupe. Maneno machache ya kubofya. Hakuwa na picha hata moja.

LESO: Mwanamke mwenye heshima.

TOVUTI: Maskini, shangazi. Alikuwa maskini. Sisi wajukuu ndio tuliotajirika. Mjomba Lou Montulli wa Netscape alikuwa baa siku moja na wenzake wakizungumzia maneno yanayowaka na kuzimika. Kesho yake yakawa yanawaka na kuzimika ofisini kwao, kisha dunia nzima.

KIBAO: Kumbe kuwaka huko kulitoka baa. Nilidhani ni hitilafu ya stima.

TOVUTI: Na madirisha yanayochomoza yana mwenyewe pia, Ethan Zuckerman. Miaka ya tisini kampuni moja ya magari ilikasirika kukuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa unaozungumzia mambo ya chumbani. Akaona alitoe lile tangazo nje, alipe dirisha lake pekee, lisionekane kama limelala humo. Alikuwa anaficha aibu ya mteja.

LESO: Na leo?

TOVUTI: Mwaka 2014 aliandika kuomba radhi kwa watu wote.

LESO: Watu walimsamehe?

TOVUTI: Wengi hawakuweza kuisoma, kulikuwa na dirisha mbele yake.

(Hapa naomba nijitie katikati. Sina hakika kama mimi ni mtu wa kumcheka Tovuti. Jarida ninaloliandikia lina vichwa tisa kwenye jalada, kimoja juu ya kingine, na uso wa bibi harusi umefunikwa nusu na neno UCHUMI. Nilimuuliza mhariri, akanijibu kwamba kila kichwa kina mwandishi wake na kila mwandishi ana simu. Turudi uani.)

LESO: Mimi nilinunuliwa Mombasa, Mtaa wa Biashara, mahali ambapo akina Kaderdina wa Mali ya Abdulla wanauza leso tangu 1887. Kule tulikozaliwa mtu hapewi kitambaa tu, anapewa mpango. Nitazame vizuri. Pembeni nina pindo. Katikati nina mji. Chini ya mji nina jina, mstari mmoja. Sehemu tatu, na kila moja inamjua jirani yake. Mtengenezaji hawezi kuamka siku moja akasema leo jina likae juu ya pindo, au leo tutie majina sita.

TOVUTI: Kwa nini asiweze? Nafasi ipo.

LESO: Nafasi ipo, lakini ni ya jina hilohilo. Unajua mama alinunua jina hili kwa ajili ya nani?

MBUZI: Tunajua sote. Mwenye kibanda cha chapati upande wa pili.

LESO: Nilivaliwa mara moja tu, asubuhi, mama akiwa anafagia mbele ya hoteli. Yule mwanamke alinisoma akiwa ng'ambo ya barabara, malori mawili yakipita kati yetu. Hakuuliza. Aliifunga chapati yake akaingia ndani. Majina sita yangemfanya acheke.

TOVUTI: Lakini shangazi, wewe mwenyewe umejaa! Maua, korosho, nukta, rangi tatu. Mbona mimi nikijaa ni takataka?

LESO: Sasa umesema la maana. Mimi si mtupu, wala sijawahi kusifu utupu. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Wengine walisema mji umependeza, wengine walisema umevalishwa sare ya shule. Kupaka kila kitu chokaa nako ni uvivu wa aina yake. Nukta zangu zote zipo kwa kazi moja: kukuleta kwenye jina. Toa pindo langu, jicho lako litatangatanga. Wewe embe lako likizunguka linampeleka nani wapi?

TOVUTI: Halimpeleki popote. Linazunguka.

MBUZI: Na lizunguke! Msimvunje moyo mtoto. Nyinyi mnaongea habari za mpangilio kana kwamba ni jambo la ladha. Kwangu mimi ni uhai. Nimefungwa chini ya mwembe huu tangu Jumatatu, siku Tovuti alipofunguliwa. Kabla ya hapo palikuwa na ubao wa chaki mlangoni: mbuzi kilo moja, bei, basi. Ndugu zangu wanne waliondoka kwa ubao ule katika wiki moja. Tangu bei ihamie ndani ya Tovuti hakuna aliyeiona. Mimi nanenepa. Mnaita mrundikano, mimi naita kichaka.

KIBAO: Sisi wa barabarani tunawakumbuka wanyama. Kule Uingereza, mwanamke mmoja, Margaret Calvert, aliyechora vibao vya barabara pamoja na Jock Kinneir, alipotaka kuonya madereva kuhusu mifugo alimchora ng'ombe aliyemjua kwa jina. Aliitwa Patience, ng'ombe wa jamaa zake.

MBUZI: Alimchora akamla?

KIBAO: Alimchora tu. Mwili mweusi ndani ya pembetatu, hana hata manyoya.

MBUZI: Ng'ombe! Siku zote ng'ombe. Sisi mbuzi picha yetu ya kwanza kupigwa tulikuwa juu ya jiko.

KABAMBE: Mimi nashangaa jambo moja. Mnazungumza kana kwamba uchache ni elimu ya juu. Sisi tulifundishwa na ufinyu. Ujumbe wangu una herufi 160. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985 aliketi mbele ya taipureta akawa anaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi; akaona mambo mengi ya binadamu yanaisha kabla ya kufika 160. Na ukibonyeza nyota na reli, ile menyu inayokuja haivuki herufi 182.

TOVUTI: Ufukara.

KABAMBE: Ufukara uliohamisha pesa za nchi. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 iliingia ndani ya simu kama mimi, si ndani ya mtu kama wewe. Tuma, toa, salio. Bawabu hajui kusoma vizuri, lakini kidole chake kinajua mstari wa pili ni upi. Hebu fikiria mama yake kule Mwingi anangoja mia tatu ya unga, na kabla ya kutuma bawabu atazame kwanza diwani anakata utepe.

LESO: Angelala njaa huku mwanawe anasikiliza wimbo.

KIBAO: Dereva wetu amefika wapi?

TOVUTI: (kwa fahari) Yuko kwenye "Maono Yetu". Baada yake "Dhamira Yetu". Kisha "Nguzo Zetu Tano".

KIBAO: Hoteli ya supu ina nguzo tano?

TOVUTI: Fundi alizinakili kutoka tovuti ya benki.

KABAMBE: Bando lake ni la shilingi ngapi?

TOVUTI: Ishirini. Nalisikia linavyopungua. Mimi nina megabaiti 14, na huo wimbo peke yake ni tano.

KABAMBE: Hata kurasa za kawaida duniani siku hizi zinazidi megabaiti mbili, na watu wanalalamika. Wewe ni saba kwa mkupuo! Mtu akiacha kusoma kwako, usidhani amechoka. Amefilisika.

KIBAO: Mimi namwona hapa. Ameanza kutazama juu. Mtu akitazama juu wakati simu inafungua, ujue ameshaondoka, kilichobaki ni mwili.

LESO: Wazee wetu wa pwani walikuwa wakikamua mafuta ya ufuta kwa ngamia. Ngamia anazunguka kinu kutwa nzima, na ili asipate kizunguzungu anafungwa kitambaa machoni. Kinaitwa kidoto. Zamani alifungwa na mwenyewe. Siku hizi naona binadamu anajifunga mwenyewe. Akifungua simu, jicho lake linajua lenyewe kuruka kila kinachowaka. Mwaka 1998 watafiti waligundua kwamba watu hawalioni tangazo lililo mbele yao hata kama ndilo lenye jibu wanalolitafuta. Kila mwanangu anapong'aa zaidi, ndivyo anavyoonekana kidogo zaidi.

TOVUTI: Mnanicheka nyote, lakini hamjui nilivyozaliwa.

(Ukimya. Hata Mbuzi aliacha kutafuna.)

TOVUTI: Siku ya kwanza nilikuwa na mistari mitatu. Bei, maegesho, saa za kufungua. Na picha moja. Fundi aliyenitengeneza, kijana wa saiba, alikuwa amesoma kidogo, alijua anachokifanya. Mwenye hoteli akaja, akavaa miwani, akanitazama muda mrefu. Akasema: "Mbona yuko uchi? Nimelipa elfu kumi na tano kwa hizi nafasi tupu?" Akamwita mkewe. Mama akatazama, akaona hayumo. Akatiwa. Shemeji akasikia mama ametiwa, akauliza kama yeye si mtu. Akatiwa na gari lake. Mchungaji akaja kuniombea, huwezi kumwombesha mtu bure. Chama cha akina mama, kwa sababu ndio walionunua viti vya plastiki. Timu ya mpira, kwa sababu ina jezi za hoteli. Binti aliyehitimu Machakos, joho na kofia. Diwani hakuomba, lakini nani atathubutu kumwacha nje, na leseni ya biashara inakwisha Desemba? Yule kijana alijaribu mara moja kusema kwamba sasa yametosha. Akaulizwa ni mtoto wa nani.

KIBAO: Kwa hiyo kila picha ina mjomba.

TOVUTI: Kila picha ina mjomba, na kila mjomba ana nambari ya mwenye hoteli. Kunitia kitu kipya ni kazi ya nusu saa. Kunitoa kitu kimoja ni kikao cha ukoo. Nasikia ofisi kubwa ni hivyohivyo. Unaingia kutafuta fomu ya cheti cha kuzaliwa, unapokewa na mkubwa akipanda mti.

LESO: Na katika kikao hicho cha ukoo, yule dereva ng'ambo ya barabara ana mjomba gani?

TOVUTI: Hana.

LESO: Hata mmoja?

TOVUTI: Hakuna aliyemtaja, shangazi. Hata mimi ndio kwanza nasikia kwamba alikuwa mgeni rasmi.

MBUZI: Msimlilie dereva. Ana chapati upande wa pili.

KIBAO: Ukuta wa mbele nao ulianza hivyohivyo. Nakumbuka ulipokuwa mweupe na jina la hoteli peke yake, herufi zenye urefu wa mtu. Malori yalikuwa yanapunguza mwendo tangu pale kona. Kisha akaja mtu wa soda akajitolea kupaka rangi bure. Bure, mnasikia? Kila bango pale liliingia kama zawadi. La ploti ndilo lililonifunika mimi. "Dakika kumi kutoka Konza." Mimi ni kibao cha barabara, umbali ndiyo kazi yangu, dakika hizo kumi sijui zimepimwa kwa ndege ya nani. Tangu Rais Kibaki azindue ule mji wa teknolojia Januari 2013, kila shamba la huku limesogea karibu nao bila kuondoka mahali pake.

TOVUTI: Mimi ni binti wa Konza kwa namna fulani.

KABAMBE: Wewe ni binti wa shemeji.

(Hapo ndipo jambo lilipotokea. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Kiongwani, na sijui kama ni mvua au mnara wa simu kuchoka, mtandao ukafifia. Mwanga ule ukutani ukaacha kuwaka na kuzimika.)

TOVUTI: Mama yangu! Embe limeganda. Wimbo umekatika. Dirisha la pili halifunguki... la tatu halikufika kabisa. Picha haziji. Diwani haji!

KABAMBE: Kimebaki nini?

TOVUTI: Maandishi tu. Maandishi ni mepesi, hutangulia. Mahali pa picha pamebaki vijisanduku vidogo, na chini yake... loo. Ile mistari mitatu. Ilikuwa imezikwa huko chini siku zote hizo. Imepanda juu.

MBUZI: Ifunike!

TOVUTI: Sina cha kuifunikia.

KIBAO: Dereva ameinamisha kichwa. Anasoma. Anamsomea utingo: "Mbuzi kilo mia nane. Trela ziegeshe nyuma. Saa ishirini na nne." Ameitia simu mfukoni. Amewasha taa ya kukata kona.

LESO: Sekunde ngapi?

KIBAO: Tatu. Labda nne, amerudia mia nane.

MBUZI: Tovuti, binti yangu, jitahidi. Kohoa. Zungusha kitu. Omba barua pepe!

TOVUTI: (polepole) Mzee, mbona najisikia vizuri?

Nililiona lori lile kwa macho yangu likivuka barabara na kuingia uani, taa zake zikamulika leso, mwembe, na Mbuzi aliyekuwa ametazama kando kama mtu asiyehusika. Bawabu akaamshwa. Mpishi akaamshwa. Dereva akasema hana haraka, atalala kwanza, mbuzi achinjwe asubuhi, awe freshi. Mbuzi akahema.

Alfajiri mtandao ulirudi, na vyote vikarudi pamoja nao: embe, shemeji, wimbo. Hakuna aliyejua kilichotokea usiku. Mwenye hoteli alipoambiwa kuna mteja wa trela alimpigia kijana wa saiba simu kumsifu kwa ile picha ya diwani, akasema sasa ameamini matangazo yanalipa, aongeze nyingine. Mpishi alikuwa ameshika kamba, anamvuta Mbuzi kutoka chini ya mwembe, kisu kikiwa kwenye beseni.

Ndipo likaja gari dogo jeupe. Wakashuka vijana watatu waliovaa fulana za kung'aa, mmoja ana futi ya kupimia, mmoja ana kopo, mmoja ana burashi. Walipima kutoka ukingo wa lami hadi ukutani, wakaandika namba, wakapima tena. Kisha yule wa burashi akaukaribia ukuta wa mbele, na bila kuuliza soda ni ya nani wala injili ni ya lini, akavuta mstari mmoja mwekundu kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, na mwingine kuukata. X. Hakuandika neno. Wakapanda gari wakaendelea na jengo la pili.

Barabara nzima iliisoma. Mwenye kibanda cha chapati aliisoma akiwa ng'ambo, unga mikononi. Mabasi yaliyokuwa yakipita kwa kasi yalipunguza mwendo, na abiria walichungulia dirishani wakaelewa, hata watoto. Mpishi aliachia kamba akashika kichwa. Mwenye hoteli alisimama mbele ya ukuta wake kwa muda, midomo inacheza, kisha akatoa simu.

KABAMBE: Anampigia nani? Wakili?

LESO: Sikiliza.

TOVUTI: Anampigia kijana wa saiba. Anasema hii X ameipenda. Haijapata kutokea watu kusimama namna hii. Anaitaka kwangu, leo hii, nyekundu hivyohivyo. Ila iwe inawaka na kuzimika.

MBUZI: Mwambie aiweke juu kabisa. Kabla ya bei.